Kumficha Mtu Mpaka Arudi



Mwaka 1995 mwandishi wa Marekani, Thomas Perry, alichapisha riwaya iitwayo Vanishing Act, na baada yake zikafuata nyingine kadhaa zenye shujaa yuleyule. Shujaa huyo ni mwanamke, Jane Whitefield, wa taifa la Waseneca, wenyeji wa asili wa magharibi ya jimbo la New York. Kazi yake ni kuwatorosha watu. Anayewindwa humfuata usiku, amechoka, hana mtu mwingine wa kumwendea. Jane humtoa alipo, humpa jina jipya na karatasi za kulithibitisha, humhamishia mji ambao hakuna amjuaye, humfundisha kuishi kama mtu mwingine, kisha humwacha huko. Wasomaji wanampenda mwanamke huyu, nami nampenda pia, kwa sababu ni mjanja bila kuwa mkatili, na kwa sababu hamuulizi mtu aliye hatarini kama anastahili kuokolewa.

Mmeniomba nizungumze juu ya riwaya za kusisimua. Nimeona nisizungumzie riwaya peke yake, nikiwa hapa Nakuru, mbele ya watu ambao wengi wenu mmewahi kujificha au kumficha mtu. Ninalouliza ni hili: Jane angeiweza kazi yake katika Bonde la Ufa? Na kama asingeiweza, ni akina nani walioifanya hapa, na kwa njia gani? Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili mnipime nao. Kwa Jane, kazi imekwisha mtu akishapotea machoni pa wanaomwinda. Kwetu hiyo ni nusu tu. Waliowaficha watu vizuri katika bonde hili ni wale waliowaficha wakiwa na nia ya kuwarudisha, na pale tuliposhindwa vibaya, tulikuwa tumewaficha watu bila kuwatengenezea njia ya kurudi.

Tuanze na ugumu wenyewe. Riwaya za Jane zinategemea nchi kubwa ambamo mtu hushuka basi katika mji wa kigeni, akapanga chumba, na mwenye nyumba asitake kujua zaidi ya kodi. Sasa shuka wewe stejini hapa Nakuru, utafute chumba Kaptembwa, Free Area au Pipeline. Mzigo haujatua chini, mwangalizi wa ploti amekwisha kukuuliza jina, na jina limekwisha kumwonyesha kabila. Swali la pili ni kwenu wapi. Hana nia mbaya, ndivyo tunavyojuana. Ukimwambia Kuresoi, atataka kujua Kuresoi upande gani, maana ana shemeji yake Keringet. Kitambulisho tulichokibeba kwa miaka mingi kimeandikwa mgongoni wilaya, tarafa, kata na kata ndogo ya mwenyewe. Tangu Machi 2007 tuna M-Pesa, na ukimtumia mtu pesa, jina ulilojiandikisha nalo hutokea kwenye simu yake. Tangu 2013 tumekuwa na mpango wa Nyumba Kumi, unaotaka kila mgeni ajulikane kwa majirani na kwa chifu. Mambo haya yamewekwa kwa sababu nzuri, na mimi siombi yafutwe. Lakini kila moja ni dirisha, na anayewindwa anaishi katika nyumba yenye madirisha pande zote.

Na juu ya hayo kuna matanga. Mtu anaweza kuvumilia kukosa kazi yake, rafiki zake na hata jina lake. Lakini mama yake akifariki Molo, atawezaje kukaa kimya Mombasa huku ndugu zake wakitupa udongo kaburini? Wanaomwinda wanalijua hilo. Hawahitaji kumsaka nchi nzima, wanaweza kungoja msiba.

Kwa hiyo anayesema kwamba mtu wa kwetu anaweza kupotea moja kwa moja hajafikiri vya kutosha juu ya sisi ni watu wa namna gani. Hata hivyo, bonde hili lilikuwa na njia yake ya kale ya kumpoteza mtu, nayo inafaa kukumbukwa. Wamaasai wa Laikipia waliposhindwa vitani katika miaka ya 1870, waliosalia walipokelewa na sehemu nyingine za Wamaasai na majirani zao, wakawa watu wa huko. Sotoka ilipowamaliza ng'ombe na ndui ikawamaliza watu mwanzoni mwa miaka ya 1890, familia nyingi za Wamaasai zilikimbilia kwa Wagikuyu. Mwishoni mwa muongo huohuo, njaa iliyoikumba nchi ya Wagikuyu ikawasukuma wengi wao nao kutafuta hifadhi nje. Mbuzi alichinjwa, maneno yakasemwa, na aliyekuja mgeni akahesabiwa kuwa amezaliwa upya katika ukoo. Waseneca na ndugu zao wa mataifa ya Iroquois walikuwa na desturi iliyokaribia hiyo: mateka aliweza kupewa nafasi ya marehemu katika nyumba, akapata jina na jamaa kwa pamoja. Jina jipya, huko na huku, lilikuja na mama, na rika, na mahali pa kuzikwa.

Sisemi zama zile zilikuwa za huruma tupu. Wengi waliopokelewa walikuwa wanawake na watoto waliowekwa rehani kwa chakula, na hakuna aliyewauliza wanataka nini. Ninachosema ni kwamba wazee wetu walielewa jambo ambalo serikali ya leo inalipata kwa taabu: ukimwondolea mtu ukoo, huna budi kumpa mwingine, la sivyo atarudi kwao kwa miguu yake mwenyewe, hata kama huko kuna mkuki.

Nije sasa kwenye Januari 2008. Sitaeleza mengi juu ya mauaji, mnayajua kuliko mimi. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilikuwa zimeuwasha upande wa kaskazini wa bonde, kisha tarehe 24 Januari zikafika hapa Nakuru, na tarehe 27 zikafika Naivasha, ambako watu 19 waliteketezwa ndani ya nyumba moja katika mtaa wa Kabati. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini kote. Vizuizini vijana walidai vitambulisho na kupima watu kwa lugha. Uwanja wa maonyesho na uwanja wa Afraha vilijaa wakimbizi. Naivasha, wafanyakazi wa mashamba ya maua walirundikana kituo cha polisi na katika uwanja wa gereza.

Waliofika kambini waliandikwa. Wasioandikwa popote ni wale waliofichwa na majirani: waliolala darini siku kadhaa, waliovikwa leso na kofia zisizo zao, waliopitishwa mashambani usiku na mtu wa kabila lililokuwa likiwatafuta. Kila mtaa wa mji huu una visa hivyo, na wengi waliofanya hivyo hawajawahi kusimama hadharani kueleza, kwa kuwa baadhi ya watu wao bado wanawaona wasaliti. Naomba mlichukue hili kwa uzito wake. Mwanamke aliyemficha jirani yake Rhonda au Langa Langa hakuwa na karatasi za bandia wala gari la pili lililoegeshwa mjini. Alikuwa na chumba kimoja na watoto wake mwenyewe ndani. Kama wale vijana wangeingia, angekufa yeye pamoja na mgeni wake. Jane Whitefield humaliza safari akarudi kwake, mji mwingine kabisa, ambako wawindaji hawamjui. Huyu wetu aliamka kesho yake akaenda kuteka maji pamoja na mama za vijana waliokuwa wakiwinda.

Kisha serikali ikajaribu kuwarudisha watu. Mei 2008 ilianza Operesheni Rudi Nyumbani. Jina lilikuwa zuri. Familia iliahidiwa shilingi 10,000 za kuanzia maisha na 25,000 za kusimamisha nyumba, na kambi zikafungwa kwa haraka. Lakini mtu alirudishwa kwenye shamba ambalo jirani aliyelichoma bado analima upande wa pili wa ua, wala hakuna aliyeshtakiwa. Wapo waliorudi wakakuta hema ndiyo nyumba. Wapo walioziweka pamoja zile elfu kumi kumi wakanunua vipande vidogo vya ardhi pamoja, kandokando ya barabara kuu na kule Nyandarua, wakaanza upya wakiwa wageni. Hao walikuwa wamepotea bila kutaka, na bila shujaa wa riwaya. Waliambiwa warudi kabla ya kurudishiwa sababu ya kurudi, ambayo ni haki.

Hapo ndipo namtaja mtu ambaye, kwangu, ndiye aliyeikaribia zaidi kazi ya Jane katika bonde hili, na ambaye bei aliyoilipa inatuambia mengi. Shikeni barabara ya Nairobi kutoka hapa. Mkiipita Gilgil, kabla ya kuingia Naivasha, mnafika Morendat. Asubuhi ya tarehe 24 Agosti 2000 mwili wa padre ulipatikana hapo kando ya barabara, amepigwa risasi ya kichwa.

John Anthony Kaiser alizaliwa Minnesota mwaka 1932. Alikuwa mwanajeshi kabla ya kuwa padre wa shirika la Mill Hill. Alikuja Kenya mwaka 1964, akafanya kazi miaka mingi Kisii, kisha akahamia jimbo la Ngong. Mwaka 1993 maelfu ya wakulima walifukuzwa Enoosupukia, nao wakateremka hadi Maela, upande wa Naivasha, wakaishi chini ya plastiki. Kaiser alitumwa kwao. Desemba 1994 askari waliivunja kambi ile, wakawapakia watu kwenye malori usiku na kuwatawanya. Padre alipinga kwa mwili wake na akaondolewa kwa nguvu. Watu wa Maela walipotezwa na serikali yao wenyewe: walitolewa mahali walipoweza kuonekana na kuhesabiwa, wakatupwa mahali ambapo hakuna atakayewauliza. Ipo aina hiyo ya kutoweka pia, na katika historia yetu ndiyo iliyotumiwa mara nyingi zaidi.

Kaiser hakuwasahau. Akiwa parokia ya Lolgorian, Transmara, aliendelea kuwadai haki yao, na mwaka 1999 alisimama mbele ya Tume ya Akiwumi, iliyokuwa ikichunguza mapigano ya kikabila, akataja kwa majina mawaziri aliowalaumu. Mwaka huohuo serikali ilitaka kumfukuza nchini kwa madai kwamba kibali chake cha kazi kimekwisha. Yeye mwenyewe akalazimika kujificha mpaka amri ile ilipolegezwa. Kisha wakaja kwake wasichana waliosema wamenajisiwa na waziri mmoja. Aliwasikiliza, akawasaidia kufika kwa wanasheria wanawake Nairobi, mbali na macho ya wilaya yao. Waziri huyo alikana, na kesi iliyofunguliwa haikufika hukumu. Machi 2000 Chama cha Wanasheria cha Kenya kilimtunukia padre tuzo ya haki za binadamu. Miezi mitano baadaye akapatikana Morendat.

Wapelelezi wa FBI walioalikwa kuchunguza walisema mwaka 2001 kwamba alijiua. Kanisa na waliomjua hawakukubali. Uchunguzi wa hadhara mahakamani ulianza 2003, na Agosti 2007 hakimu Maureen Odero aliamua kwamba padre aliuawa, bila kuweza kuwataja waliomuua. Mpaka leo hakuna aliyehukumiwa.

Kaiser hakuwa wa kwanza nchini mwetu kulipa hivyo. Kule Fuladoyo, bara ya Pwani, David Koi aliyewapa hifadhi watumwa watoro aliuawa mwaka 1883. Lakini mfano wa Kaiser unatuhusu zaidi kwa sababu unaonyesha pengo ambalo riwaya hulifunika. Jane ana majina mengi, na ndiyo silaha yake. Padre alikuwa na jina moja, parokia moja na ratiba ya misa iliyobandikwa mlangoni. Aliwaficha wengine huku yeye akikaa mwangani. Katika bonde letu anayeficha ndiye anayeonekana zaidi, na ndiye wa kwanza kuhitaji kinga.

Kwa upande wa serikali, Sheria ya Kulinda Mashahidi ilipitishwa mwaka 2006 na kuanza kutumika Septemba 2008. Marekebisho ya 2010 yakaunda Shirika la Kulinda Mashahidi lenye kujitegemea, nje ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Nimeisoma, na kwa maandishi ni sheria nzuri. Inaruhusu ulinzi wa askari wenye silaha, kuhamishwa makazi, hata kubadilishwa utambulisho, na mahakama inaweza kuamuru kumbukumbu za serikali zirekebishwe ili mtu awe na jina jipya kihalali. Shahidi anaweza kutoa ushahidi faraghani, au kwa jina la kupanga, au kwa video, sauti na sura yake vikiwa vimefichwa. Aliyebuni mpango wa namna hii kwa mara ya kwanza kwa ukubwa ni Marekani, kupitia sheria ya 1970 dhidi ya magenge ya uhalifu. Maafisa wao wanajivunia kwamba hakuna shahidi aliyefuata masharti ambaye ameuawa.

Sikilizeni lile neno masharti. Sharti kubwa kuliko yote ni kutorudi kwenu. Na hapo ndipo sheria nzuri inapokutana na matanga.

Mkasa wa Meshack Yebei unajulikana. Alitoweka Uasin Gishu mwishoni mwa Desemba 2014, na mwili wake ukaja kutambuliwa baada ya kupatikana mbali sana, upande wa Tsavo. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), iliyokuwa ikishughulikia kesi za ghasia zile, ilisema alikuwa shahidi muhimu wa upande wa utetezi, na kwamba ilikuwa imempatia hatua za usalama, zikiwemo makazi katika mahali papya. Alikuwa na makazi hayo, lakini alitoweka akiwa huko kwao. Watu wamesema mengi kumhusu, nami sitaongeza. Nasema tu kwamba mpango wa ulinzi unaotegemea mtu wa Bonde la Ufa asikanyage kwao maisha yake yote umejengwa juu ya mtu ambaye hayupo.

Kesi ya ICC iliyoihusu Nakuru na Naivasha moja kwa moja, ile ya siku za mwisho za Januari 2008, ilikuwa dhidi ya Uhuru Kenyatta. Iliondolewa tarehe 5 Desemba 2014. Mwendesha mashtaka, Fatou Bensouda, alieleza kwamba baadhi ya watu ambao wangeweza kutoa ushahidi muhimu walikuwa wamekufa na wengine waliogopa mno. Tena aliilaumu serikali kwa kutoshirikiana. Kesi ya William Ruto na Joshua Sang ilikatizwa tarehe 5 Aprili 2016, na mmoja wa majaji, Chile Eboe-Osuji, alitaja kuingiliwa kwa mashahidi kuwa miongoni mwa sababu. Washtakiwa wote walikana mashtaka siku zote, na hakuna aliyepatikana na hatia. Hayo ndiyo mambo yalivyo kisheria. Wakili Paul Gicheru, aliyeshtakiwa kwa kuwahonga na kuwashawishi mashahidi, naye alikana, kisha akafariki Septemba 2022 kabla ya hukumu. Novemba 2023 ofisi ya mwendesha mashtaka ikatangaza kwamba imefunga uchunguzi wa Kenya.

Sasa wafikirieni mashahidi. Wako watu wa mji huu waliokubali kuondoka usiku, wakaacha shamba, duka na wazazi, wakaishi ugenini kwa majina wasiyoyazoea, wakingoja siku ya kusema waliyoyaona. Siku hiyo haikuja. Kesi ilipofungwa, wao walikuwa nani? Si mashahidi tena, maana hakuna kesi. Si wakaazi wa Nakuru tena, maana kila mtu anajua kwa nini waliondoka. Riwaya haina jibu kwa watu hawa. Msomaji hufunga kitabu akijua mtu ameokoka, nao kweli wameokoka: wanapumua. Lakini walikuwa wamefichwa kwa ajili ya mahakama, na mahakama ilipoondoka hakuna aliyewajengea daraja la kurudia. Kwangu hili ndilo kosa kubwa zaidi katika habari yote hii. Naliona kubwa kuliko hata udhaifu wa ulinzi wenyewe, kwa sababu kila kijana wa leo anayetakiwa kutoa ushahidi juu ya ardhi iliyonyakuliwa, au polisi aliyeua, au jamaa aliyembaka mtoto, anawakumbuka hao, anafunga mdomo.

Ingekuwa habari yetu inaishia hapo, nisingekubali kuja kuizungumza. Haiishii hapo. Vukeni mlima wa Mau mteremkie Narok.

Agnes Pareyio alikeketwa akiwa msichana mdogo. Alipokuwa mtu mzima alianza kutembea kutoka boma hadi boma akibeba kielelezo cha mbao cha viungo vya mwanamke, akieleza wazi mbele ya wazee na kina mama kile ambacho kisu hufanya na madhara yake wakati wa kujifungua. Wasichana walianza kumkimbilia. Wengine walikuwa wakikimbia kisu, wengine wakikimbia mume aliyekwisha kulipa ng'ombe. Mwaka 2002 alifungua Narok nyumba ya uokozi iitwayo Tasaru Ntomonok, kwa msaada wa kampeni ya V-Day iliyoanzishwa na mwandishi wa tamthilia wa Marekani, Eve Ensler. Mwaka 2005 Umoja wa Mataifa nchini Kenya ulimtaja kuwa mtu bora wa mwaka. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ikaja 2011. Baadaye aliongoza bodi ya serikali ya kupambana na ukeketaji, na mwaka 2022 wapiga kura wa Narok Kaskazini walimchagua kuwa mbunge wao.

Tazameni anavyotofautiana na Jane. Msichana anakimbia usiku, anapita mbugani, anafika kwenye nyumba ambayo kila mtu Narok anaijua ilipo. Baba yake anajua yuko wapi. Chifu anajua, polisi wanajua. Kinachomlinda si giza. Kinachomlinda ni kwamba watu wengi wanamwona kwa pamoja: mlezi, mwalimu, afisa wa watoto, hakimu. Yale madirisha niliyoyalalamikia mwanzoni yamegeuzwa kuwa ulinzi. Anapelekwa shule. Na wakati anasoma, kazi ya pili inaendelea, ile ambayo hakuna mwandishi wa riwaya za kusisimua angeipa sura nzima: mazungumzo na wazazi. Anatumwa mzee mwenye heshima, mchungaji, shangazi. Baba anakataa. Anatumiwa mjumbe tena. Anaalikwa shuleni siku ya kufunga muhula, anaona binti yake anasoma Kiingereza na Kiswahili mbele za watu. Mwaka mwingine unapita. Wapo wanaolainika, wakaja kumchukua mtoto wao kwa ahadi iliyotolewa mbele ya mashahidi kwamba hataguswa. Wapo wasiolainika kamwe, na binti akawa mtu mzima bila boma la baba yake. Lakini lengo, tangu siku ya kwanza aliyobisha mlango, lilikuwa arudi: asiyekatwa, aliyesoma, na mwenye jina lake lilelile.

Nimesikia wanaharakati wengine wakisema upatanisho ni udhaifu, kwamba mzazi aliyetaka kumkata mtoto anastahili jela tu. Nawaheshimu, na pale ambapo sheria imevunjwa jela ipo. Hata hivyo nadhani hawajaangalia vya kutosha maisha ya msichana akifika miaka 25, akitaka kuolewa, akijifungua, akifiwa. Anahitaji watu. Nyumba ya uokozi haiwezi kuwa ukoo wa wasichana wote wa Narok, Baringo na Pokot Magharibi.

Kwa hiyo nikiulizwa kama tunaweza kuwa na Jane wetu, nasema tumekuwa nao, na kazi yao ilikuwa ngumu kuliko ya Jane, kwa sababu walifanya kazi hiyo mahali ambapo kila mtu anamjua kila mtu, na kwa sababu hawakuridhika na kumfanya mtu apotee. Waandishi vijana mlio hapa, mnaotafuta kisa cha kusisimua cha kwetu, msimkopi mwanamke wa New York. Andikeni juu ya mzee anayetumwa mara ya tatu kwa baba aliyekataa mara mbili. Andikeni juu ya shahidi ambaye kesi yake imefungwa na anataka kujua kama anaweza kwenda kumzika mama yake. Kuna hofu ya kutosha humo, na kuna ujanja, na kuna mapenzi.

Kwa wabunge na maseneta wa bonde hili nina ombi la wazi. Sheria ya 2006 ilitungwa kwa ajili ya shahidi. Iongezeeni sehemu inayomtaja kwa jina yule anayemhifadhi, awe padre, mwalimu, mama wa nyumba ya uokozi au jirani mwenye chumba kimoja, ili naye alindwe bila kulazimika kujieleza kwanza kuwa ni jamaa ya nani. Iongezeeni sehemu ya pili inayolilazimisha Shirika kupanga kurudi kwa mtu tangu siku anapoondoka: nani atazungumza na jamii yake, shamba lake litatunzwa na nani, na kesi ikivunjika atafidiwa nini. Na mlipe gharama yake, kwa sababu ulinzi usio na fungu la fedha humwingiza mtu hatarini kwa ahadi.

Nanyi wananchi wa Nakuru, bajeti zikija, ya taifa na ya kaunti, mwulizeni mbunge wenu na mwakilishi wa wadi yenu mashahidi wametengewa kiasi gani, na nyumba za uokozi zimetengewa kiasi gani. Ulizeni mkutanoni, kwa sauti, mbele ya chifu. Na kama kuna mtu mtaani kwenu aliyemficha jirani mwaka 2008 na bado anaitwa msaliti kwa sababu hiyo, nendeni kwake wiki hii, mkiwa wengi na mchana kweupe, mkamshukuru mbele ya majirani zake.